Mtoto wa vita akichukua kalamu: ninavyoisoma "Who Fears Death"

Kuna riwaya za wakati ujao zinazotupeleka kwenye nyota ili tusahau shida za hapa chini. Hii ya leo inafanya kinyume. Inatupeleka mbele kabisa, Sudan ya siku ambayo dunia yetu imeshaharibika, na tukifika kule tunakuta mambo tunayoyajua: watu wanachoma vijiji vya majirani wao, mwanamke anabakwa ili kabila lake lote lipate haya, na mtoto anayezaliwa anakosa pa kukaa.

Mwandishi ni Nnedi Okorafor, Mmarekani wa wazazi Wanigeria. Kitabu kilitoka mwaka 2010, na mwaka 2011 kilipata World Fantasy Award. Kwa Kifaransa kinaitwa Qui a peur de la mort ?, kwa hiyo sisi wa Kongo hatuna kisingizio cha lugha. Nasema mapema: nitagusa mwisho wake, juu neno langu kubwa liko pale.

Tuanze na nchi yenyewe. Ni jangwa, mchanga na upepo. Watu wanasafiri na chombo kidogo kinachovuta maji kutoka hewani, lakini kompyuta za wazee wa zamani zimelala ndani ya pango kama takataka, na watu wanaziogopa. Mwandishi hapotezi kurasa kueleza dunia ilivunjikaje. Kuna wasomaji wanaona hiyo ni kasoro. Mimi naona ni akili. Watu wa jangwa lile wamepoteza historia, wamebaki na Kitabu Kikuu tu. Na Kitabu Kikuu kinasema kwamba Waokeke, watu weusi, walimchukiza mungu wa kike Ani, njo maana akawaleta Wanuru ili wawatawale. Ubaya ni kwamba si Wanuru peke yao wanaoamini. Hata Waokeke wanasoma kitabu kile kile na kuinamisha kichwa. Hapo Okorafor ameona mbali: mauaji hayaanzi na panga, yanaanza na hadithi ya nani ni bwana na nani ni mtumwa, ikirudiwa mpaka aliyeonewa naye anaikariri.

Sasa watu. Najeeba ni mwanamke wa Kiokeke. Wanuru wanavamia kijiji chake na kuwabaka wanawake makusudi, ili wazae watoto wa Kinuru. Analia mpaka sauti inakatika, na tangu siku ile anaongea kwa kunong'ona tu. Anamzalia jangwani binti mwenye rangi ya mchanga, anamuita Onyesonwu, jina la Kiigbo lenye maana ya "nani anaogopa kifo". Mtoto wa namna hiyo anaitwa Ewu. Watu wanasema aliyezaliwa kwa ukatili atakuwa mkatili. Wanapofika Jwahir, jina ambalo kwa sikio la Mswahili linafanana na johari, binti anagundua kwamba uso wake peke yake ni hukumu. Akiwa na miaka 11 anakwenda mwenyewe, kwa siri, kukeketwa, juu anatafuta tu kuwa kama wasichana wengine. Ukurasa ule unauma kuliko vita vyote vya kitabu.

Halafu kuna Mwita, kijana ambaye naye ni Ewu. Wazazi wake walipendana, mmoja Mnuru, mwingine Mokeke. Hakuna ubakaji pale. Lakini mtaani nani atamuuliza? Wakimuona, hadithi yake imeshaandikwa. Kwa mtu huyu mmoja, mwandishi anabomoa ule uongo kwamba damu inabeba dhambi.

Mambo haya hayakutoka hewani. Mwandishi ameeleza kwamba alisukumwa na taarifa ya gazeti la Washington Post ya mwaka 2004 juu ya wanawake wa Darfur. Na vita vilivyoanza tena Sudan Aprili 2023 vimerudisha ubakaji ule ule Darfur. Na sisi wa huku Mashariki tunahitaji nani atueleze? Dunia inamjua daktari Denis Mukwege wa Panzi, Bukavu, aliyepewa Nobeli ya amani 2018 pamoja na Nadia Murad. Tunaongea sana juu ya mama, na ni haki. Lakini mtoto wake, yule anayeitwa mtaani kwa jina la kikundi cha silaha, tunamsahau. Kwenye ripoti yeye ni ushahidi, na kwenye familia ni siri. Okorafor amempa kalamu: karibu kitabu chote ni Onyesonwu mwenyewe anayesimulia, kwa hasira, kwa kiburi, kwa mapenzi. Hatuombi tumuonee huruma. Anataka tumsikilize.

Njo maana mwisho unanisumbua. Wakifika Durfa, mji wa Wanuru, Mwita anauawa. Kwa uchungu, nguvu zinamtoka Onyesonwu: kila mwanaume wa mji ule anayeweza kuzalisha anakufa, na kila mwanamke anayeweza kubeba mimba anapata mimba papo hapo. Tusome tena polepole. Kitabu kilichoanza na mama aliyetiwa mimba kwa nguvu kinakaribia kuisha na mji mzima wa wanawake waliotiwa mimba bila kuulizwa.

Najua jibu la wanaokipenda. Watasema ni uchawi, ni mfano, ni uhai unaorudi pale kifo kilipotawala. Watasema pia kwamba shujaa aliyeumizwa ana haki ya kuwa na makosa. Nakubali la pili. Lakini basi kitabu kingekaa hapo kidogo. Wale wanawake wa Durfa wanawaza nini asubuhi? Nani analala na mimba ambayo hakuitaka, katika mji usio na waume? Hatuambiwi. Hadithi inakimbia kwenda kwenye kazi kubwa ya kukiandika upya Kitabu Kikuu, na wanawake wale wanabaki bila sauti, kama Najeeba. Tofauti ni kwamba Najeeba alipewa kurasa, wao wamepewa mistari michache.

Hili si jambo la ladha tu. Mimba ya kulazimishwa imetajwa kati ya makosa makubwa katika Mkataba wa Roma wa 1998, na mwaka 2021, kwa mara ya kwanza, mahakama ya La Haye ilimhukumu mtu kwa kosa hilo, Dominic Ongwen wa Uganda. Sheria ilichukua miaka mingi kukubali kwamba tumbo la mwanamke si uwanja wa vita wa mtu yeyote. Riwaya inayojua jambo hilo vizuri hivi isingelisahau kwa sababu tu anayelifanya ni mtu wetu.

Pamoja na hayo, nasema kisomeni. Makosa yake ni ya mwandishi aliyethubutu, na mimi nachagua hayo kuliko usafi wa wanaonyamaza. Tena naona kosa lenyewe linafundisha: kubadilisha maandishi ya kitabu kibaya haitoshi kama mkono unaoandika bado unafuata desturi ya kile cha zamani. Sisi tulio na diploma, tunaosema kila siku tutaandika upya historia ya nchi hii, tujiulize mapema: katika kitabu chetu kipya, nani atabaki ananong'ona?