Huruma ni Sehemu ya Ujuzi wa Muuguzi

Wapo wanaodai muuguzi hahitaji huruma, mradi anajua dozi na ananawa mikono. Wana hoja, kwani huruma bila ujuzi inaweza kuua. Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale, aliyefika hospitali ya kijeshi ya Scutari mwaka 1854 wakati wa Vita vya Crimea, hukumbukwa kwa taa aliyozungukia nayo wagonjwa usiku, ilhali alihesabu vifo pia na kudai usafi. Lakini angehangaika kuvihesabu kama visingemuuma? Mtazame muuguzi wa wodi ya wazazi: mama amejifungua salama, shuka ni kavu, naye bado anakagua pedi kuona damu inayotoka, anabonyeza tumbo kuona kama mfuko wa uzazi umekaza, anapima mapigo, kisha anarudi tena. Mwongozo unamwagiza hayo, ila saa tisa usiku hakuna msimamizi wa kumwona. Kinachomrudisha ni huruma. Tena mgonjwa aliyefokewa huficha dalili, na muuguzi, hata awe stadi kiasi gani, atatibuje asichoambiwa?

Wengine husema huruma humchosha mhudumu. Kinachomchosha zaidi ni kuachwa peke yake na wodi nzima na glavu za kuhesabu; aongezewe wenzake na vifaa, asiambiwe apunguze moyo.