Maua Yakae Mita Moja Kutoka Ukutani

Ukipita Donholm, Komarock au Utawala, utaona nyumba ambazo sakafu yake imeinuka hadi mlango unafikiwa kwa ngazi tatu au nne, na chini umebaki ukanda wa zege na mawe usiopendeza. Si uzembe wa fundi. Upande huu wa Nairobi, Eastlands, umetandwa na udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kunywea hadi kupasuka jua likikaza. Kwa hiyo mjengo huanza kwa kuuchimba na kuutoa mpaka ipatikane maramu au mwamba, pengo likajazwa mawe ya hadikoo, kisha sakafu ikapandishwa ili maji ya mvua na majitaka yapate mteremko. Pesa nyingi huishia ardhini. Juu hubaki ukanda wa sentimita 60 hivi, pengine mita nzima, na mwenye nyumba hajui aufanyie nini.

Jibu la kwanza mtaani ni rangi nyeusi ya lami, na si jibu baya. Matone ya mvua hurusha tope ukutani. Rangi ya krimu hufedheheka msimu mmoja tu, nyeusi hustahimili. Jibu la pili ni mawe ya Mazeras, yale mabapa yaliyopewa jina la mji ulio karibu na Mombasa, yanayobandikwa kwa simiti. Yanapendeza, lakini msingi ukipata ufa nyuma yake hutaujua mpaka yaanze kubanduka.

Jibu la tatu ni mimea, na hapo ndipo penye mtego.

Wengi huchimba kitalu kugusana na ukuta, wakapanda maua, wakamwagilia kila jioni. Maana yake ni kwamba udongo uleule uliogharimu malori kadhaa kuuondoa chini ya nyumba sasa unanyweshwa ukiwa kandokando yake. Upande wa bustani unavimba, upande wa nyuma uko mkavu, na ukuta uliokaa katikati ya mvutano huo hupasuka kwa mshazari kuanzia kwenye kona za madirisha. Mti ukipandwa karibu, mambo hugeuka: mizizi hunyonya unyevu, udongo hunywea, msingi hudidimia upande mmoja. Uingereza, baada ya ukame wa 1976, kampuni za bima zilifurikiwa na madai ya nyumba zilizopasuka juu ya udongo wa mfinyanzi, na miti ilikuwa miongoni mwa washtakiwa wakuu. Kanuni ya tahadhari kwenye udongo wa aina hii ni kwamba mti ukae mbali na nyumba kwa umbali usiopungua urefu utakaoufikia ukikomaa. Kwenye ploti ya Eastlands kanuni hiyo huufukuza mkaratusi moja kwa moja, na mfikasi pia.

Mitaa ya zamani ya Nairobi ilipanga mambo vingine. Kaloleni, ya miaka ya 1940, ni nyumba za chini zilizozunguka viwanja vya wazi; miti ilipewa viwanja, haikupewa kuta. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu tano kati ya 1973 na 1983 kwa ramani za wasanifu Mutiso Menezes, iliipa kila nyumba kijibustani chake. Na katika mitaa mingi ya enzi hizo, ua wa kayaba ulisimama mpakani. Aliyepita njiani aliona majani kwanza, halafu dirisha na paa. Msingi hakuuona kabisa.

Somo lililomo humo ni la macho zaidi kuliko la mimea. Anayetazama huwa amesimama mahali fulani, na hapo ndipo hesabu inapoanzia. Tuseme macho yake yako mita 1.6 kutoka chini, naye amesimama getini, mita 5 kutoka ukutani, na msingi una sentimita 60. Mmea ulio mita 1 mbele ya ukuta utaufunika msingi wote ukifikisha sentimita 80. Geti likiwa mita 10, sentimita 70 zinatosha. Hakuna haja ya jani hata moja kugusa ukuta.

Ile mita moja iliyobaki ndiyo roho ya kazi yote. Sentimita 60 hadi 90 za kwanza hupigwa zege jembamba lenye mteremko wa kutoka ukutani, kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Asiyemudu zege hutandika nailoni ya geji 1000 na kuifunika kwa balasti. Kitalu huanzia hapo kwenda mbele, na kiinuliwe kwa safu moja ya mawe badala ya kuchimbwa, kwa sababu shimo lililojazwa udongo mwekundu wa kutoka Kiambu katikati ya udongo mweusi hugeuka karai: maji huingia, hayatoki. Mawe hayo yaachiwe matundu upande wa njiani.

Udongo usiwahi kuufikia utandiko wa kuzuia unyevu, ambao hukaa angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Ukiufunika, umewajengea mchwa daraja la siri hadi kwenye fremu za milango. Ukanda ukiwa wazi, vijia vyao vya udongo huonekana mapema. Mifuniko ya manholi nayo isifukiwe. Siku ya kuziba haina taarifa.

Kuhusu mimea yenyewe hakuna haja ya maneno mengi. Maji ya bomba Nairobi ni ya mgao, kwa hiyo chagua yenye subira: sansevieria, ambayo jamaa zake humea porini kwenye nyika za Athi, shubiri, rosemari, au boganvilia inayokatwa mara kwa mara isipande.

Kabla ya kununua hata mche mmoja, ngoja mvua kubwa ya Aprili, utoke nje na mwavuli uone maji ya paa yanaangukia wapi na yanatuama wapi. Yakituama ukutani, pesa za maua zipeleke kwanza kwenye gata na mtaro.