Mageuzi ya Umbo na Mamlaka ya Baba katika Filamu ya The Shaggy Dog (2006)

Filamu ya The Shaggy Dog iliyoongozwa na Brian Robbins mwaka 2006 ni toleo jipya la futuhi ya Walt Disney ya mwaka 1959 iliyoongozwa na Charles Barton, ambayo nayo iliazima wazo lake kutoka riwaya ya Felix Salten, The Hound of Florence. Zote mbili zinasimulia binadamu anayegeuka kuwa mbwa mwenye manyoya marefu. Hata hivyo, kufanana huko kunaficha tofauti ya msingi. Makala haya yanajadili kwamba toleo jipya linafanikiwa kwa kuhamisha mageuzi kutoka kwa mwana kwenda kwa baba, lakini linalikimbia swali la haki ambalo lenyewe limelizua.

Katika filamu ya 1959, anayegeuka ni kijana Wilby Daniels, baada ya kutamka maandishi ya Kilatini yaliyo katika pete ya ukoo wa Borgia. Baba yake, Wilson, ni tarishi mstaafu anayechukia mbwa. Kicheko kinamchokoza baba huyo bila kumng'oa katika kiti chake; mwishoni hata sifa za ujasiri wa mwanawe anapewa yeye.

Toleo la 2006 linampindua baba mwenyewe. Dave Douglas, anayeigizwa na Tim Allen, ni naibu mwendesha mashtaka anayemshtaki mwalimu wa binti yake, Carly, kwa tuhuma za kuchoma maabara ya kampuni ya dawa. Anapong'atwa na mbwa na kuanza kugeuka, mtu aliyeishi kwa ufasaha wa mahakamani anapokonywa usemi. Akiwa baba, alizoea kusikilizwa. Akiwa mbwa, hana budi kusikiliza. Ndipo anapotambua kwamba mwanawe, Josh, anapenda tamthilia ya muziki kuliko futiboli ya Kimarekani, na kwamba ndoa yake na Rebecca imelegea. Hapa vichekesho vya kunusa na kubweka vinabeba dhamira nzito: mamlaka isiyosikia huwa kiziwi nyumbani kwake yenyewe.

Udhaifu unajitokeza katika chanzo cha mageuzi. Pete ya kale imeondolewa, na mahali pake pamewekwa jeni ya mbwa wa Tibet mwenye umri wa miaka 300, aliyeporwa kutoka kwa watawa ili Dkt. Kozak, anayeigizwa na Robert Downey Jr., atengeneze dawa ya kurefusha maisha. Uchawi umegeuzwa kuwa bidhaa. Swali linalofuata ni la kisera: nani ana haki juu ya uhai uliotwaliwa kwa jamii moja na kufanywa mali ya kampuni ya nchi nyingine? Mkataba wa Anuwai za Viumbe wa mwaka 1992 ulikwisha kudai mgawanyo wa haki wa manufaa yatokanayo na rasilimali za kijenetiki. Marekani iliutia saini mwaka 1993 bila kuuridhia. Miaka minne baada ya filamu, Itifaki ya Nagoya ililifafanua dai hilo.

Filamu inalijibu swali hilo kwa kumfanya Kozak angurume mbele ya mahakama. Aibu ya mtu mmoja inachukua nafasi ya uwajibikaji wa kampuni. Watawa hawapewi nafasi ya kusema, na furaha ya mwisho ni ya familia ya Douglas. Ajabu ni kwamba kisa kinachomfundisha baba kusikiliza hakiwasikilizi walioporwa.

Kwa watafiti na washauri wa sera, funzo ni bayana. Filamu za familia ni miongoni mwa mahali pa mwanzo ambapo mtoto huonyeshwa maana ya kosa na fidia. Kwa hiyo tathmini yake isiishie katika kupima lugha na ukatili. Iulize pia ni nani aliyedhulumiwa, na ni nani anayerudishiwa chake hadithi inapokwisha.