Kisima na Kitovu: Safari ya Shujaa katika Utendi wa Fumo Liyongo

Tangu Ruth Finnegan alipotia shaka, mwaka wa 1970, iwapo Afrika ina tendi za kishujaa kwa maana kamili ya istilahi hiyo, wahakiki wa fasihi simulizi wamejitahidi kumkanusha. Isidore Okpewho alifanya hivyo kwa kitabu kizima mwaka wa 1979. Jibu hilo lilihitajika, lakini liliacha mazoea yenye hasara: jagina wa Kiafrika huthibitishwa ujagina wake kwa kupimwa kwa kanda ya mwingine. Kanda inayopendwa mno na wanafunzi wa uzamili ni ile ya Joseph Campbell ya mwaka wa 1949, yenye hatua tatu: shujaa huondoka kwao, hupitia majaribio, kisha hurejea na tunu ya kuwafaa watu wake. Mtafiti huchora jedwali, hujaza visanduku, na kazi ikawa imekwisha. Kile ambacho hakikuenea katika kisanduku hutupwa, na mara nyingi hicho ndicho kiini cha utendi.

Fumo Liyongo ni mfano wa kutosha. Masimulizi yake yalikuwapo kwenye upwa wa kaskazini mwa Kenya kabla ya Muhamadi Kijuma wa Lamu kuyatungia utendi mwaka wa 1913. Edward Steere alikwisha kuchapisha hadithi yake kwa nathari mwaka wa 1870. Kijuma aliyavika masimulizi hayo vazi la kaida: kufungua kwa jina la Mungu, ubeti wa mishororo minne, mizani minane, na kina cha mwisho kinachobebwa toka ubeti hadi ubeti. Hapa hakuna mungu wa kike wa ushairi anayeombwa aimbe. Mtunzi ndiye mwenye dhamana ya habari anazozipokea na kuzipitisha.

Sasa itazamwe safari yenyewe. Liyongo anakimbilia mwituni kwa sababu Sultani wa Pate anamwogopa, wala hakuna mwito wowote unaomtoa kwao. Wenyeji wa mwituni wanahongwa wamuue: wale makoma kwa zamu, kila mmoja apande mkoma kwa siku yake, naye akipanda afumwe mishale. Zamu yake inapofika hapandi. Anayaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe. Hili ni jaribio, bila shaka, ila halimfundi lolote. Anaingia mwituni akiwa jabari na anatoka vivyo hivyo. Anachorudi nacho Pate si tunu, na kinachomngoja huko ni gereza.

Campbell angetarajia msaidizi mwenye nguvu za ghaibu. Utendi unatoa jikoni. Kijakazi Saada anapeleka chakula gerezani, walinzi wanakipokonya kile kizuri, na mfungwa kwa wimbo wa fumbo anamwagiza mamake aoke mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa, nao unamfikia. Kisha anaomba ngoma ya gungu, na kelele za ngoma zinafunika mlio wa tupa juu ya pingu. Ukombozi wote umejengwa juu ya dharau ya walinzi kwa chakula duni, na juu ya ushairi kama chombo cha siri. Wahakiki waliosifu misuli ya Liyongo pekee wamepitia sehemu hii haraka mno. Mwenye nguvu kuliko watu wote wa Pate anaokolewa na mwanamke mzee na mtumwa, naye mchango wake mkubwa ni kutunga.

Kifo chake ndicho kinachovunja jedwali kabisa. Sultani anamwahidi mwana wa Liyongo cheo na binti yake amwoe. Kijana anamdadisi babake, anaambiwa kwamba kinachoweza kumuua ni sindano ya shaba kitovuni, naye anamchoma usingizini. Silaha inapenya palepale alipounganishwa na mamake. Liyongo anaamka, anakwenda kisimani, anapiga goti huku ameupinda uta, na anafia katika mkao huo. Watu wanamdhania yu hai, hawathubutu kuteka maji. Shujaa wa Campbell huuletea mji uhai. Huyu, akiwa maiti, anaukausha mji kwa kiu. Isitoshe, upatanisho anaoustahili Sultani kuuomba anatumwa mamake auombe, amsihi mwana ambaye hawezi tena kumsikia, mpaka mwili unapoanguka.

Kwa hiyo kusema kwamba safari ya Liyongo haikukamilika ni kuisoma kwa macho ya kuazima. Utendi huu haukukusudia kumrejesha mtu nyumbani. Unauliza mji unafanya nini na mtu aliyeuzidi kimo, na jibu lake liko katika mwisho wa yule kijana: ahadi za Sultani hazikutimizwa, naye akafa pasipo cheo wala mke.