Upimaji wa Stadi za Kazi ya Pamoja kwa Wanagenzi wa Afya: Uhakiki wa Lugha ya Vipimio kwa Kurejelea Mazingira ya Usevya, Mkoani Katavi

Stadi za kazi ya pamoja zimekwisha kuingia katika orodha ya umahiri unaotarajiwa kwa mwanagenzi wa afya, na kila umahiri unaotarajiwa hudai kipimio. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu elimu na utendaji shirikishi baina ya taaluma za afya. Mwaka huohuo Simon Cooper na wenzake, nchini Australia, walichapisha kipimio kijulikanacho kama TEAM, kilichokusudiwa timu za huduma ya dharura. Kina vipengele 11, kila kimoja kikipewa alama kuanzia 0 hadi 4, pamoja na alama moja ya jumla. Kabla yake, mwaka 1999, Parsell na Bligh wa Uingereza walikuwa wametoa hojaji ya RIPLS yenye vipengele 19, ambayo humwuliza mwanafunzi jinsi anavyouona ujifunzaji wa pamoja na wanafunzi wa taaluma nyingine. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba vipimio hivi, vikihamishiwa katika mazingira ya Kiswahili bila kuhakikiwa lugha yake, hupima namna ya kusema na kuiita kazi ya pamoja.

Usevya ni kata ya Wilaya ya Mlele, katika bonde la Rukwa, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Wenyeji wake ni Wapimbwe, na Wasukuma waliohamia eneo hilo na mifugo yao ni wengi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Ongezeko la namna hiyo hujionyesha mapema katika chumba cha kujifungulia. Katika kituo cha kijijini cha mkoa kama huu, timu huweza kuwa tabibu mmoja, muuguzi mkunga mmoja, mhudumu wa afya mwenye umri wa kuwazaa wote wawili, na mwanagenzi aliyeletwa kwa mafunzo kwa vitendo. Mgonjwa asiyejua Kiswahili vizuri huongeza mtu wa tano, yaani ndugu aliyemsindikiza, ambaye ndiye anayetafsiri. Huyu hana nafasi katika kipimio chochote kati ya hivyo viwili, ingawa bila yeye hakuna anayejua uchungu ulianza saa ngapi.

RIPLS haihitaji mjadala mrefu hapa. Ni hojaji ya kujieleza, na mwanagenzi anayejua kwamba karatasi itasomwa na mkufunzi wake hatarajiwi kuandika kwamba hapendi kushirikiana na wauguzi. Hata katika nchi ilikotoka, sehemu yake inayohusu majukumu imekosolewa kwa uthabiti mdogo wa vipimo. Inaweza kueleza nia. Utendaji haiugusi.

TEAM ni kipimio bora zaidi kwa kuwa mtahini hutazama tendo lenyewe. Hata hivyo, vipengele viwili vya kwanza vinahusu uongozi, na cha kwanza kinadai kwamba kiongozi aonekane akiwaeleza wenzake kinachotarajiwa kwao, kwa maelekezo na kwa amri. Ugumu unaanzia hapo. Neno “amri” katika Kiswahili limebeba jeshi, boma la mkuu wa wilaya na karani wa kodi. Si neno ambalo kijana wa miaka 23 angelitumia kuelezea anavyozungumza na mhudumu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Ichukuliwe mfano wa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Mwanagenzi mwenye adabu hasemi, “Lete oksitosini.” Husema, “Mama, naomba utusaidie oksitosini.” Kisarufi, kauli hiyo ni ombi lenye kitenzi cha dhamira tegemezi, kimatumizi ni agizo kamili, na mhudumu anayeijua lugha yake huinuka mara moja. Mtahini anayeifuata tafsiri ya kipengele neno kwa neno ataandika 1. Mwenzake anayesikiliza kwa sikio la Kiswahili ataandika 4. Tofauti hiyo ya alama tatu haitokani na mwanagenzi hata kidogo.

Hali ni tata zaidi pale aliye chini anapomtahadharisha aliye juu. Muuguzi husema, “Daktari, damu bado inatoka.” Kwa umbo, hiyo ni taarifa tu, na mtendaji hatajwi. Kwa maana, inasema kwamba kilichofanyika hakijatosha na kwamba anayepaswa kuamua aamue sasa. Kielezi “bado” ndicho kilichobeba onyo, kama kinaweza kuitwa kielezi. Wanasarufi hawajakubaliana, na kwa mgonjwa haidhuru.

Kuna pingamizi zito dhidi ya uchambuzi huu, na halipaswi kupuuzwa kwa jina la utamaduni. Lugha ya kuzunguka huua. Januari 1990 ndege ya Avianca namba 52 ilianguka karibu na New York kwa kuishiwa mafuta, na watu 73 wakafa. Marubani walikuwa wametaja kwamba mafuta yanakwisha, lakini hawakutangaza hali ya dharura kwa neno ambalo mnara ungelitambua. Yeyote anayeitetea kauli ya “damu bado inatoka” anapaswa kujibu tukio hilo. Jibu ni kwamba kauli isiyo ya moja kwa moja hufaa pale tu ambapo msikilizaji anaishiriki, na kituo kinachopokea wanagenzi wapya kila muhula hakiwezi kudhani kwamba wanaishiriki. Kinachopaswa kupimwa basi si ukali wa kauli wala upole wake, bali kama ilifuatwa na tendo, na baada ya muda gani.

Ushahidi wa karibu unatoka Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Huko mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, yanayotumia mwanasesere kufundisha jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, yalifanyiwa utafiti na Ersdal na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013. Utendaji kwa mwanasesere ulipanda sana. Utendaji kwa watoto halisi haukubadilika. Wale waliokuwa wakitoa alama za juu chumba cha mazoezi hawakudanganya. Alama zilikuwa sahihi, ila zilipima chumba cha mazoezi. Baadaye, palepale Haydom, mazoezi yaligeuzwa kuwa mafupi, ya dakika chache kila wiki, ndani ya wodi yenyewe na kwa watu wanaofanya kazi pamoja. Mduma na wenzake waliripoti mwaka 2015 kwamba vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Kilichohesabiwa safari hii kilikuwa sekunde na watoto.

Kwa mazingira ya Usevya, fundisho la Haydom linaelekeza kwenye kipimio chenye safu tatu: kauli iliyosemwa kama ilivyosemwa, tendo lililofuata, na muda uliopita kati yake. Safu ya kwanza isitafsiriwe wala kusanifishwa. Ikiwa imesemwa kwa Kisukuma kupitia kwa ndugu, iandikwe hivyo. Timu nayo isiishie mlangoni. Rufaa ya kwenda Mpanda hupita hifadhini na Sitalike, na simu ya 115 ya mfumo wa m-mama humwingiza dereva katika timu kabla mgonjwa hajainuliwa kitandani. Mwanagenzi aliyeita gari mapema akiwa kimya ameshirikiana vizuri kuliko aliyetoa maelekezo kwa sauti safi na kulikumbuka gari mwishoni.

Linabaki suala la mtahini. TEAM inahitaji mtu anayetazama bila kushika kitu. Katika kituo chenye watumishi watatu wa zamu, mtu huyo ndiye mkono wa nne unaohitajika kufinya mfuko wa kupumulishia, na hakuna mkufunzi mwenye dhamiri atakayebaki na kalamu. Muda unaweza kusomwa baadaye kwenye jalada la mgonjwa, iwapo saa za matukio ziliandikwa. Kauli haziwezi, isipokuwa watumishi wakae pamoja zamu ileile, kabla ya kwenda nyumbani, na kukumbushana nani alisema nini. Na katika kikao hicho mhudumu mwenye umri mkubwa aanze kusema, mwanagenzi afuate, tabibu awe wa mwisho.