Simba na Mwana-Kondoo: Upole Usiodunisha katika Ufunuo 5:5–6

Katika Ufunuo 5:5–6 Yohana anatangaziwa simba, lakini anapotazama anamwona mwana-kondoo. Mahubiri mengi ninayoyasikia hapa Tegeta hudai kwamba kondoo huja kuupoza ukali wa simba. Usomaji huo huchukulia udogo kuwa udhaifu, dhana ambayo Kiswahili cha tafsiri yenyewe hakiiungi mkono. Neno la Kiyunani arnion lina umbo la udogo, ingawa maana hiyo ilikwisha kufifia. Kiswahili nacho kina kiambishi ki-, ila kikondoo kingebeba dharau. Watafsiri wa Union Version (1952) walichagua mwana, neno la nasaba kabla ya kuwa la umri, lilelile tulisikialo katika Mwana wa Adamu. Kwa hiyo pembe saba za mwana-kondoo huyo, ambazo wahubiri huziruka, hazigongani na upole wake. Kasoro ya tafsiri iko kwingine: Yohana 1:29 ina amnos, nayo imefasiriwa kwa neno hilohilo, hivyo tofauti ya matini hizo mbili imefutika. Biblia Habari Njema imeondoa kistari tu. Kwa msikilizaji kanisani, kistari hicho hakikuwahi kuwapo.