Siti Alikuwa Mtu Tangu Fumba

Kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti Binti Saad, nilikisoma kwanza nikiwa msichana wa sekondari, nikitembea kila siku kutoka kwetu Zegereni, Kibaha, siku zile mikorosho ilipokuwa mingi kuliko viwanda. Juzi nimekisoma tena. Mapenzi yangu kwake hayajapungua, ila safari hii kimenisuta.

Msomaji anaijua habari yenyewe. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akauza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, akahamia mjini, akaimba hata mwaka 1928 sauti yake ikatiwa kwenye santuri huko Bombay. Waliomwonea kijicho walimwimba kwa dhihaka: tangu lini naye amekuwa mtu, na alikuja mjini na kaniki? Akawajibu kwa wimbo kwamba sura na ukoo si hoja. Hasara ni kukosa akili.

Darasani tulilishangilia sana jibu hilo. Kipindi kilipokwisha tulitoka nje tukaendelea na dhihaka zetu. Alikuwapo mwenzetu mmoja mnene tuliyemwita Tipwatipwa. Watu hudhani majina kama hayo hutungwa na wavulana. La hasha. Wavulana walicheka tu. Aliyelileta jina lile darasani ni mimi. Nilikuwa kimbaombao, nami nilijua kwamba wakimcheka yeye hawatanicheka mimi.

Alipokwenda kushtaki, mwalimu wetu wa kike alimwambia, "Usilie mwanangu. Soma kwa bidii, akili ndiyo uzuri." Kwa maneno mengine, alimpa jibu la Siti. Lakini mwenzetu hesabu zilikuwa zinamshinda. Matokeo yalipobandikwa ukutani, tukamwongezea jina la pili.

Hapo ndipo ninapouona upungufu, nao si wa Siti. Jibu lile lilimfaa yeye, kwa kuwa alikuwa na kipaji na alikuwa akiwakabili wapinzani wake. Sisi tulipolifanya somo la wasichana wote, tuliiacha mizani palepale, tukabadili jiwe tu: badala ya sura tukaweka akili. Asiyesifiwa sura wala maksi abaki na nini?

Ningekuwa mwalimu wa kitabu hiki leo, nisingeanza na wimbo wala santuri. Ningeanza na yule binti wa vyungu, kabla mtu yeyote mjini hajaisikia sauti yake, nikawauliza wanafunzi: je, huyu si mtu bado? Dhihaka ya wale wapinzani ilitaka jibu moja tu, kwamba alikuwa mtu tangu Fumba.

Mwenzetu aliacha shule akiwa kidato cha pili. Wazazi wake walisema ni ada. Huenda ni kweli. Mimi sikuwahi kwenda kwao kumwomba radhi, na nyumba yao haikuwa mbali.